Taa ya Kichwani Imeniumbua Ukweni

Leo nimemwashia baba mkwe full, mchana, ndani ya ghala lake.

Mnaikumbuka ile taa ya kichwani niliyoagiza Dar na kuwachosha nayo hapa? Mvua haiiui. Inamulika mpaka shamba la jirani. Na kubonyeza ni ushamba: unapitisha mkono mbele yake inawaka, ukipitisha tena inazima.

Basi tuko Mwazye, ukweni. Mzee kakaa kwenye kigoda ghalani, anatafuta dumuzi kwenye magunia ya mahindi. Humo hakuna dirisha, giza tupu. Nikasema leo ndiyo siku yangu. Nikaivaa, nikaingia.

Mimi mtu wa Mbeya, lakini mke wangu alinifundisha: ukweni Ufipa unachuchumaa, unainama kidogo, unapiga makofi taratibu.

Nikachuchumaa, nikainama, makofi usawa wa uso. "Shikamoo, baba."

Pa! Ikawaka.
Pa! Ikazima.
Pa! Ikawaka.

Nikaona mzee kakunja uso. Nikadhani heshima haijatosha, nikaongeza makofi.

Mzee huyu kaendesha malori ya mpakani Kasesya mpaka kastaafu. Akajikinga macho na kiganja.

"Marahaba, mkwe. Nimekuona. Unataka nikupishe?"

Mke wangu mlangoni hoi kwa kicheko.

Mzee akatoa simu yake ya kitochi, ile iliyofungwa raba, akamulika gunia la kwanza. Dumuzi hao!

Chekeni, ila mliooa huku niambieni: mnaacha taa au mnaacha makofi?

Maana wakati wa kuaga mzee kasogea pembeni ya njia, kanipungia mkono:

"Pita, mkwe. Mbele kweupe."