Mkasi wa Njano Juu ya Paa la Gerezani

Saa mbili na nusu asubuhi, Jumamosi, mkokoteni unatoka Mtaa wa Narung'ombe ukiwa na furushi kubwa kuliko godoro la watu wawili. Ni kitambaa chekundu kilichokunjwa na kukunjwa tena, kikafungwa kwa kamba ya katani. Nyuma yake anatembea mwanamke mfupi mwenye buibui, futikamba shingoni, mkasi mkononi, akiwakemea vibarua wasikiburuze kitambaa chini.

Kariakoo haiachi furushi lipite bila kulihoji. "Mama Fikirini, unahama?" anauliza muuza ndizi. Mwingine anataka kujua ni harusi ya nani.

"Ya ndege," anajibu mama huyo, wala hasimami.

Hatanii. Saa nne kamili anga ya katikati ya jiji itafungwa hadi saa sita. Ndege mbili za jeshi zitafanya mazoezi ya sherehe za miaka ishirini ya Uhuru, zikipita chini na kwa kasi, na chombo kingine chochote hakitakiwi kuwapo hapo juu. Rubani mwenye redio ataambiwa kwa redio. Asiye na redio ataambiwa na Zamzam Mrisho, fundi cherehani.

Zamzam ana miaka arobaini na mitatu. Aliletwa mjini kutoka Kilwa Kivinje akiwa bibi harusi, na majirani humwita kwa jina la mwanawe wa kwanza. Barazani kwake hushona sare za shule, suti za Kaunda, na kupunguza suruali za waliokonda.

Miaka saba iliyopita alifika hapo Ndugu Onesphory, karani wa ofisi moja ya mambo ya anga huko Posta, akiwa na karatasi iliyochorwa mraba mwekundu, na ndani yake mistari miwili ya njano inayokatana. Alitaka kitambaa chenye mchoro huo, mita tisa kwa tisa.

"Mafundi wanne walikuwa wameshanicheka," anasimulia Onesphory. "Yeye akauliza nguo ni ya nani. Nikamwambia ni ya paa. Akaniuliza, paa lenyewe lina kifua kipana kiasi gani?"

Paa lenyewe ni la ghala lililo kando ya reli, Gerezani. Marubani binafsi, wale wanaorusha ndege ndogo za klabu, za misheni na za mashamba ya mkonge, wengi redio zao zimekufa, na kipuri kinataka fedha za kigeni. Basi wanaruka kwa macho. Anayetoka kusini hufuata pwani hadi mlango wa bandari, kisha huishika reli pale Gerezani mpaka kiwanja cha ndege. Akiuona mraba ule wenye mistari ya njano anajua mbele kumefungwa. Hugeuka, akaelekea baharini na kuzunguka kwa mbali.

"Tangazo la karatasi tunalibandika ukutani," anasema Onesphory. "Aliye hewani hasomi ukuta."

Ofisi ina jina lake refu la alama hiyo. Zamzam anaiita mkasi, kwa kuwa ndivyo anavyouona: mkasi ulioachama. Kwa kazi ya siku nne hulipwa shilingi mia mbili, pungufu ya anazopata kwa sare za shule kwa siku hizo hizo.

"Lakini sare haijawahi kugeuza ndege," anasema, na hapo uso wake unabadilika. Ameisimulia kazi hii kwa majirani kwa miaka saba na bado akiisimulia anashusha sauti.

Mwaka jana nusura imtoe roho mtu.

Kitambaa cha njano hakikupatikana. Foleni za maduka ya ushirika zilikuwapo, kitambaa hakipo. Nyeupe haikufaa, maana kwa marubani ina maana nyingine. Zamzam hakukata tamaa: alinunua marikani, akanunua na manjano ya unga sokoni kilo mbili, akachemsha, akachovya, akaanika. Rangi ilikolea mpaka watu wakawa wanakuja kuangalia. Akaushona mkasi wake, akaukabidhi kwa mkokoteni, akarudi kwenye sare zake kama kawaida. Kupanda paani hakuwahi kupanda hata siku moja.

Ambacho hakukijua ni kwamba mwenye ghala alikuwa ameyapaka mabati chokaa kupunguza joto. Kitambaa kikatandazwa jioni, na usiku ule ikanyesha. Binti yeyote wa pwani aliyewahi kusingwa, yaani kusuguliwa mwili kwa manjano, anajua manjano yanavyofanya yakikutana na chokaa na maji. Kulipokucha, njano yote ilikuwa imegeuka damu ya mzee. Nyekundu juu ya nyekundu. Vibarua walipopanda asubuhi waliona kitambaa chekundu kimelala, wakaona mambo sawa, wakashuka.

Saa tano rubani mmoja akaja akiifuata reli. Alikuwa Pantaleo, muuza vipuri wa hapo hapo Gerezani, ambaye kwa hisa na wenzake wawili ana ndege ya klabu ya viti vinne. Watu humtania sana kwamba muuza vipuri amekosa kipuri cha redio yake mwenyewe.

"Niliona kitu chekundu nikadhani ni turubai la mizigo," anasema. "Nikapita. Mara ndege mbili za jeshi zikapita chini yangu, sijui zilitokea wapi. Yangu ikatikisika kama chekeche. Nilitaja majina ya wanangu wote."

Alitua salama. Lakini mkewe, Candida, ana duka la vyombo Narung'ombe, ng'ambo ya mtaa, anatazamana na cherehani ya Zamzam. Hakuja kugomba. "Angegomba ningepumua," anasema Zamzam. Kwa mwaka mzima mama huyo wa Kichaga alimpa kisogo. Alinunua maandazi kwa jirani wa Zamzam, hatua mbili tu kutoka barazani, na macho yake hayakufika kwenye cherehani.

Zamzam alitaka kuacha. Onesphory alipokuja safari hii na karatasi yake, alimpa sharti moja: mwaka huu paani atapanda mwenyewe.

"Fundi hakabidhi suti bila kumvika mtu na kumzungusha," anasema. "Mimi miaka yote nilikuwa naikabidhi kwa mkokoteni. Manjano na chokaa nayajua tangu utoto. Ningepanda, ningeona. Sikupanda, basi. Kosa ni langu."

Na mwaka huu tena njano haikupatikana. Hadi jana Ijumaa saa sita mchana mraba mwekundu ulikuwa tayari, hauna mkasi. Hapo ndipo Onesphory alipoingia dukani kwa Candida akiuliza mumewe anarudi lini. Pantaleo alikuwa ameruka Alhamisi kupeleka dawa Mafia, kabla ya tangazo kutoka, na simu ya kisiwani haikushika tangu asubuhi.

"Kesho," Candida alimjibu. "Na mgonjwa wa rufaa. Kaniambia saa nne atakuwa anaingia."

Onesphory akamweleza kwamba saa hiyo anga itafungwa, na Zamzam hana njano ya mkasi. Candida akafunga duka, akapanda ngazi kwenda kwake, akashuka na mapazia ya sebuleni, ya njano, aliyoyanunua Moshi mwaka aliolewa. Akavuka mtaa na kuyaweka juu ya cherehani.

"Mama Fikirini, shona," alisema. "Rangi yake ni ya kiwandani. Haijui chokaa."

"Mama Angelina, karibu ukae," Zamzam alimjibu, akasogeza kigoda.

Mapazia yalitosha kali moja la mkasi, yaani mstari mmoja. La pili likachangwa na mtaa: khanga kuukuu zilizokatwa sehemu za njano, kitambaa cha meza, bitana ya koti, gauni ambalo mwenyewe alisema limeshambana. Cherehani haikunyamaza hadi adhana ya Isha. Candida alikunja mapindo na kubana pini. Waliongea machache. Aliuliza mara moja tu kama viraka vitaonekana, na Zamzam akamwambia ukweli, kwamba hajui.

Sasa ni saa tatu na robo. Zamzam anavua viatu na kupanda ngazi ya ghala huku Candida akiishikilia chini. Juu, jambo la kwanza analofanya ni kulowesha kidole kwa mate, kupapasa bati na kukigusa ulimini. Chokaa hakuna. Hata hivyo anatandaza turubai kwanza, kisha kitambaa. Vibarua wanapanga mifuko ya mchanga pembeni.

Kwa karibu ni kichekesho. Huku waridi la khanga, huku nusu ya mchoro wa korosho, huku mshono wa gauni la mtu. Zamzam anakizunguka akivuta hapa, akinyoosha pale, jasho linamtiririka.

Saa nne kasoro dakika tano mlio unasikika. Kutoka upande wa Kigamboni kinatokea kitu kidogo, cheupe, na kinakuja moja kwa moja. Wakati huo huo upepo wa bandarini unaingia chini ya pembe moja ya kitambaa, mfuko wa mchanga unabingirika, na kali moja la mkasi linajikunja na kupotea.

Vibarua wako upande wa pili. Zamzam anaidaka pembe, anaivuta hadi mahali pake, na kwa kuwa hana kingine cha kuiwekea, anajilaza juu yake yeye mwenyewe.

"Imegeuka?" anauliza Candida kutoka chini, ambako haoni kitu.

"Bado."

Ndege inakuja. Sasa zinaonekana mbawa zake, na vioo vinavyopiga jua.

"Mama Fikirini, imegeuka?"

"Bado, mama. Shika ngazi."

Kisha ubawa mmoja unashuka, taratibu, na ndege nzima inalala upande. Inaupa mji mgongo. Inakwenda zake baharini.

"Imegeuka," anasema Zamzam.

Candida anaachia ngazi na kukaa chini, palepale kwenye vumbi la reli, na kujifunika uso kwa khanga yake. Haujapita muda mrefu, ndege za jeshi zinapasua anga. Mabati yanatetemeka chini ya tumbo la Zamzam, kazi zinasimama Gerezani nzima, kila mtu kaangalia juu. Yeye haamki, na vibarua wanadhani kaumia.

"Nilikuwa nashangaa," ataeleza baadaye. "Chombo kizima kile, kina moto ndani, kina watu, kimepisha njia kwa sababu ya mapazia. Nilijiuliza, Zamzam, hii ni mikono yako kweli?"

Saa saba Pantaleo anafika Narung'ombe, mgonjwa wake ameshamfikisha Muhimbili. Anasema mkasi aliuona akiwa bado ng'ambo ya maji, kabla hajaliona hata ghala.

"Na viraka, baba?" anauliza Zamzam.

"Sijaona kiraka hata kimoja. Njano tupu. Ila pembeni kulikuwa na doa jeusi."

Zamzam analitazama buibui lake lililojaa vumbi la paa. "Doa hilo ni mimi," anasema, na Candida, aliyekuwa akimimina chai, anacheka hadi kikombe kinafurika.

Tangu hapo Zamzam ana jambo moja tu kichwani: kukiona kitambaa chake kutokea juu. Ndege hajawahi kupanda, na anakiri kwamba anaziogopa sana. Pantaleo amemwahidi kiti. Tatizo ni kwamba kitambaa hutandazwa tu siku ambayo hakuna ruhusa ya kupita juu yake.

Wameshalizungumza. Februari anga itafungwa tena, na siku hiyo Pantaleo atamchukua wajie kutokea kusini, waufuate ufuo hadi karibu na mlango wa bandari. Juu ya paa pembe ya kitambaa ataishika Candida. Mapazia yake bado hajayadai, na ameshasema siku hiyo atavaa gauni la njano asije akaharibu kazi ya watu.

"Nitatazama mara moja tu," anasema Zamzam akitia uzi kwenye sindano. "Nijue kama makali mawili yanalingana. Nikishaona, ageuze twende zetu. Mkasi wangu mwenyewe siuvuki."