Chaki Kwenye Mashavu ya Tairi

Nikuulize wewe unayesoma: lini mara ya mwisho uliinama ukatazama tairi la ndani? Usinidanganye. Unatazama la nje, lile linalong'aa, unasema gari hili zima, unapanda. Ndivyo watu wanavyooa, ndivyo wanavyochagua viongozi, na ndivyo tajiri wa yadi yetu alivyonunua tairi za lori la kuvuta.

Lori lenyewe lilikuwa la shangazi yangu. Si kwa kadi. Kwa kadi ni la tajiri. Lakini aliyejua linavyokohoa asubuhi ni shangazi, dada yake baba, mwanamke mpana wa mabega ambaye yadi nzima ilimwita Winchi kwa sababu akishika kitu haachii. Alianza pale akifagia. Akahamia kujaza upepo, kisha kuziba pancha. Halafu siku moja dereva wa lori alilewa huku kuna basi limekwama mtaroni, shangazi akapanda akalitoa, na tangu siku hiyo hakushuka. Hakuwa mtu mtamu. Aliwatukana mafundi, aliitukana mvua, alimtukana mbwa wa mlinzi. Mimi niliporudi kutoka chuoni na shahada ya uhandisi na hamu ya kuinyoosha dunia, alinipokea kwa kunikabidhi jeki.

"Nyoosha hii kwanza," alisema. "Imepinda."

Sasa nielewe. Lori la kuvuta halibebi mzigo mgongoni kama malori mengine. Linauning'iniza mkiani, na uzito wote unakalia tairi za nyuma. Huko nyuma tairi hukaa mbili mbili kila upande, nasi tunaziita mapacha. Gari likiwa tupu utaona nafasi kati ya pacha na pacha. Mzigo ukipanda, mashavu ya tairi yanavimba, na kama nafasi ni finyu yanagusana. Pale yadi tunasema yanabusiana. Busu hilo linazaa joto, na joto linazaa moto. Shangazi aliwahi kuvuta mabaki ya lori lililoungua hivyo. Mpaka leo hajanisimulia alichokuta ndani ya kabini.

Tajiri alileta tairi pana na rimu za alumini zinazong'aa kama sufuria za bibi harusi. Kesho yake wageni wa kampuni ya barabara walikuwa wanakuja kuchagua nani apewe kazi ya kuvuta magari mabovu kwenye mteremko mrefu nje ya mji. Alitaka lori lipendeze. Shangazi alilizunguka baada ya mafundi kukaza nati ya mwisho, mikono kiunoni.

"Vitu gani hivi?"

"Vyako, Winchi. Nimekuvalisha."

"Mimi sijavaa kitu. Aliyevaa ni ekseli, na nguo inambana. Halafu alumini ni ya kupikia maharage. Itapasuka."

Hapo alikosea, nami nikamwambia. Nilikuwa nimelala chini ya lori nasoma namba zilizochapwa. Rimu zile zilikuwa imara kuliko za chuma tulizozitoa. Tairi nazo, kila moja peke yake, ilibeba uzito wa kutosha. Tatizo ni kwamba hazikuwa za kuoana: tairi pana inataka rimu yenye kina zaidi, ili pacha wa nje asukumwe mbali na wa ndani. Hizi zilikuwa na kina kilekile cha zamani. Shangazi alinitazama kana kwamba nimemtemea mate kwenye chai.

"Kumbe na wewe umenunuliwa."

"Shangazi, nasema zinabusiana. Tunasema kitu kimoja."

"Basi kiseme kifupi."

Akatoa kipande cha chaki mfukoni. Hiyo ndiyo njia yake, hakuna chuo kinachoifundisha. Alilala chali, akapaka chaki kwenye shavu la pacha wa ndani, kisha akapanda, akanasa gamba la basi bovu lililokuwa linaozea uani, akalinyanyua, akasogea mbele na nyuma kidogo, akalishusha. Tukainama sote isipokuwa tajiri. Shavu la pacha wa nje, ambalo hakuna aliyeligusa, lilikuwa na mchirizi mweupe.

"Vumbi hilo," tajiri akasema, amesimama wima.

"Vumbi limejifunza wapi kuchora mstari?"

"Winchi, kesho unaendesha au huendeshi?"

"Mteremkoni, na busu hili? Siendeshi."

Tajiri akanyoosha mkono. Shangazi alivaa ufunguo shingoni kwa uzi mweusi. Akauvua taratibu, akamwekea kiganjani. Tajiri hakuufunga hata mkono. Aliurusha kwa mume wa binti pekee wa shangazi, kijana aliyekuwa msaidizi wa mama mkwe wake kwenye lori hilohilo. Mkwe akaudaka. Ndicho kilichomuuma shangazi. Hakuuacha udondoke hata kidogo.

Nilimwambia tajiri kwamba huo ni uuaji, na kwamba mfanyakazi si tairi la kutumiwa mpaka liwe kipara.

"Nani amekuajiri wewe?" akaniuliza.

"Hakuna."

"Basi ropoka ukiwa nje ya geti, huko ni bure."

Mafundi wakacheka. Wale wale ambao shangazi aliwafundisha kukaza nati kwa kuruka kutoka hii hadi ile ya upande wa pili ili rimu ikae sawa.

Jioni, nyumbani, tulikaa wanne chumbani ambamo kiti kizuri kuliko vyote ni kile cha kabini ya lori la zamani, na hakuna anayekikalia ila shangazi. Mkwe aliingia wa mwisho. Binti yake shangazi, mimba yake kubwa, alikuwa anapakua ugali.

"Shikamoo, mama," mkwe akasema.

Shangazi akaendelea kunawa. Salamu ikabaki hewani, ikazeeka.

"Mwambie mume wako chakula hiki hapa," akamwambia binti yake.

"Mama, si yuko hapa mbele yako?"

"Mimi namwona dereva wa tajiri. Mume wako simwoni."

"Mama, nisingedaka mimi angedaka mwingine," mkwe akasema. "Na mtoto anakuja."

"Mtoto anakuja, baba anaondoka. Watapishana mlangoni."

Binti akaweka mwiko chini, akatoka nje. Nikaona niseme. Nikamwambia mkwe kwamba woga wake ndio unaofuga matajiri wa namna ile, kwamba rimu zile ni uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, na yeye anakwenda kupanda ndani.

"Shemeji," akanijibu, bila kuinua sauti, "una shahada na bado tunakula sahani moja."

Mdomo wangu ulikuwa umejaa ugali wa sahani hiyo. Lakini niliona kwamba yeye hakula.

Asubuhi shangazi alisema anakwenda kuchukua kikombe chake kabinini, hataki mtu mwingine akinywee. Nikamfuata. Tukamkuta tajiri, mtu ambaye sijawahi kumwona ameshika hata ufagio, amekunja suruali, mpira wa maji mkononi, anaosha mapacha. Maji meupe ya chaki yalikuwa yanatiririka kuelekea mtaroni. Mkwe alikuwa amesimama mlangoni mwa kabini na ufunguo, anamtazama anavyoosha. Gari la wageni lilikuwa linaingia getini.

"Winchi, leo huna kazi hapa," tajiri akasema.

"Nimefuata kikombe."

Akapanda, akakichukua. Ndani yake kulikuwa na chaki. Akashuka, akafungua kitambaa cha kichwa, akapiga magoti kwenye tope, akalikausha shavu la pacha wa ndani kama anayemfuta mtoto pua, akaanza kupaka.

Wageni walikuwa wameshuka, kwa hiyo tajiri aliongea huku anatabasamu, meno yamebana. "Ondoka kabla sijaita askari."

Shangazi akapaka.

"Mama," mkwe akasema. "Paka na upande ule. Mimi nitanyanyua."

Mkono wa shangazi ukasimama kidogo. Hakugeuka.

"Marahaba," akasema. Ilikuwa ya salamu ya jana.

Mkwe akapanda. Akalinasa gamba la basi, akalinyanyua mpaka lori likachuchumaa, akasogea mbele, akarudi, akashusha, akazima. Tajiri alisahau mpira wa maji. Ulikuwa unamjaza viatu. Mmoja wa wageni, mama wa makamo, aliweka mkoba wake juu ya pipa, akainama hasa, mpaka goti likagusa chini, akaingiza mkono katikati ya mapacha, akalipapasa shavu la pacha wa nje, lile lisilopakwa. Ulitoka na kidole cheupe. Akakitazama.

"Hiki ni nini?"

"Vumbi tu, mheshimiwa," tajiri akawahi.

Mama yule hakumtazama. Alikuwa anamtazama mwanamke mwenye tope magotini na kikombe mkononi.

"Busu," shangazi akasema.