Vidole Viwili vya Bibi Mkubwa

Uongo wa Cyril Ormerod ulikuwa wa maneno mawili tu, "Bomu, bwana," na ulimkaa kooni miaka thelathini kama mwiba wa samaki.

Mwaka 1953 alikuwa fundi mawe wa halmashauri ya mji wa Skelderwick, Uingereza, mtu mzima mwenye mke na masharubu. Malkia mpya anatawazwa, ikaamuliwa Malkia Victoria wetu, sanamu ya marumaru pale sokoni, naye aogeshwe. Sisi tunamwita Bibi Mkubwa, na njiwa walikuwa wamemfanyia mambo ya aibu. Cyril akapanda ngazi, akafunga kamba kwenye mkono wa sanamu ili ajishikize. Huo ndio ujinga wenyewe, maana hakuna fundi mawe asiyejua kuwa mkono wa sanamu haufungwi kamba. Vidole viwili vikakatika, vikatumbukia kwenye ndoo.

Karani wa halmashauri akapita, akatazama juu. "Hii nini tena, Ormerod?"

"Bomu, bwana. Tangu vita. Vilikuwa vimeshikiliwa na uchafu tu."

Karani hakupenda majibu marefu, akaandika hivyo hivyo. Gazeti nalo likaandika.

Tatizo ni kwamba bomu lenyewe lilikuwa la kweli. Novemba 1941 liliufuta Mtaa wa Tanner nyuma ya soko, likaua watu sita, akiwemo mama yake Edna Threlfall, ambaye hakikupatikana hata kiatu chake. Baadaye pale palipokuwa na mtaa pakajengwa karakana ya mabasi. Gazeti lilipotoka, Edna akaanza kuweka maua miguuni pa Bibi Mkubwa kila Novemba, na watu wakamfuata. Kisha humkaribisha Cyril kwa chai na keki ya zabibu kavu. Cyril hula macho chini. Vidole vipo bandani kwake, ndani ya kopo la tumbaku, na mkewe alikufa bila kuambiwa.

Mwaka 1983 ikaja barua. Halmashauri imetengeneza kibao cha shaba cha kueleza habari ya bomu na vidole, na anayeombwa akifunue ni Cyril. Chakula kikamshinda. Siku moja kabla ya sherehe akatia kopo mfukoni, akaenda kwa Edna.

"Edna, nina neno."

"Kaa kwanza. Sukari vijiko viwili?"

"Nilivivunja mimi." Akafungua kopo mezani.

Edna akakoroga chai, kisha akatoa picha kabatini. Sikukuu ya ushindi, 1945. Edna yuko mabegani mwa askari, anacheka, ameshika vidole vya Malkia, na vyote vizima.

"Kumbe ulijua."

"Tangu siku ile ya gazeti."

"Na ukanyamaza?"

"Ningekuumbuaje mtu mzima? Nilisema utasema mwenyewe. Kila Novemba nakuokea keki, nasema leo atasema. Na mimi nilikuwa sina pa kuweka maua, Cyril. Nikaunyamazia uongo wako, nikautumia. Unadhani sioni haya?"

Cyril alitaka ardhi impasukie. Ile keki yote aliyokula.

Kesho yake akasimama sokoni mbele ya watu na meza ya chai, akavuta kitambaa, akainua kopo. "Hiki kibao kinasema uongo," akasema. "Halikuwa bomu. Ni mimi, na kamba."

Watu wakatazama viatu vyao. Mzee mmoja aliyekuwa mpeleka barua akakohoa nyuma, akasema kwa upole, "Tunajua, Cyril. Chai inapoa."

Hapo ndipo alipokumbuka kuwa siku ile ya ushindi nusu ya mji ilipiga picha na Bibi Mkubwa. Miaka thelathini wamekuwa wakimsalimia barabarani, wakimuuliza habari za bustani yake, na wote wanajua.

Edna akainama, akaokota maua aliyoyaweka asubuhi miguuni pa sanamu, akampa ayabebe. "Twende karakana," akasema. "Kwa mama."

Akamfuata, uso unawaka, na nyuma yake akasikia viatu vya watu wengine vinakuja.