Zaituni kasema hanijui

Jumanne. Asubuhi ukungu, baadaye jua kali.

Jamani, leo mwenzangu Zaituni amenikana!

Tulikuwa bustani ya mimea hapa Jinja. Mimi napiga picha za ndege aitwaye mdiria, yeye nyuma analinda, maana daraja liko karibu na kulipiga picha ni marufuku. Kama kawaida yetu: askari akija, anapiga mluzi.

Hakupiga, na askari akanifikia.

"Unapiga picha za daraja?"

"Za ndege, afande."

Askari akamgeukia Zaituni. "Unamjua huyu?"

"Simjui, afande. Napita tu."

Na sweta yangu amevaa!

Askari akaivuta filamu yote kutoka kwenye kamera yangu, ikaharibika juani, kisha akanishikilia hadi adhuhuri akiuliza nashirikiana na nani. Sikumtaja mtu.

Jioni Zaituni akabisha hodi. "Dada, niliogopa."

Mimi je, sikuogopa?

Nyinyi mngemfungulia? Mimi sikumfungulia mpaka akaondoka.

Saa saba usiku, ndio nalala.