Kamera Chini ya Mtori

Siku hizi kijana anarusha kidude chenye panga nne, kinapaa juu ya mashamba kama mwewe anayetafuta kifaranga, kinapiga picha za magari ya mashindano, na yeye mwenyewe amekaa zake kivulini anakunywa soda. Sina kinyongo naye. Lakini sisi, jamani, tulikula vumbi. Tulilipiga chafya, tukalifua kwenye vitenge wiki nzima, na bado picha ikitoka unaona wingu jekundu na ncha ya kioo cha pembeni, halafu unaanza kuwaapia watu kwamba humo ndani kuna gari.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mtoto wa Old Moshi, na ujana wangu wote nilikuwa na wazimu mmoja: kupiga picha mashindano ya magari. Si kwa gazeti wala kwa malipo. Kwa raha yangu tu. Magari yakija, yalikimbia kwenye barabara za vumbi huko chini tambarare, katikati ya mahindi na alizeti, na mimi siku hiyo niliamka kabla ya jogoo. Kamera shingoni, chapati mbili kwenye mkoba, kofia ya baba kichwani. Kamera yenyewe nilipewa na binamu yangu mpagazi. Aliachiwa na mgeni aliyeshuka mlimani amechoka kiasi kwamba hakutaka kubeba hata soksi zake.

Ninaikumbuka ile subira. Unakaa kwenye tuta saa nzima huoni kitu, ng'ombe wanapita, akina mama wanauza karanga, watu wanabishana kuhusu injini wasizozijua. Halafu mtu mmoja anasema, "Shhh!" na wote mnanyamaza, na kwa mbali unasikia mlio mwembamba kama nyuki kwenye chupa. Naiinua kamera jichoni. Nilikuwa na furaha siku zile, na nilijua kwamba nina furaha.

Kilichoniudhi ni utepe. Mwekundu na mweupe, umefungwa kutoka mti hadi mti, na nyuma yake ndiko kwetu sisi watazamaji. Ukisogeza kidole cha mguu, firimbi. "Dada, rudi nyuma!" Narudi. "Nyuma zaidi!" Narudi mpaka nakalia mbigiri. Na mbele yangu, pale pale nilipopataka, wamechuchumaa wanaume wenye vizibao vya wapiga picha, makalio yao yameijaza picha yangu yote. Mwaka mmoja nilikwenda mezani kuomba kizibao na mimi.

"Unatoka wapi?" akaniuliza mwenye meza.

"Old Moshi."

"Namaanisha chombo gani cha habari."

"Hakuna chombo. Nimetoka nyumbani."

Akacheka mpaka akavua miwani, na kizibao hakunipa. Nilinuna hadi jioni. Mama alikuwa akisema mdomo wangu nikinuna unaweza kuanikiwa kahawa.

Lakini kuna sehemu moja ambako utepe uliniuma zaidi ya kwingine kote, nayo ni kwenye matengenezo. Magari yakimaliza sehemu moja ya mbio yaliingia kwenye uwanja wa mpira wa shule, mafundi wakayavamia kwa dakika chache, kisha yakaondoka tena. Utepe uliuzunguka uwanja mzima. Mtazamaji haingii, ndugu haingii, kamera bila kibali ndiyo kabisa. Na humo ndani, kati ya mafundi wale, alikuwemo baba yangu.

Nyumbani baba hakuwa mtu wa picha. Ukimwelekezea kamera tu, anakaza uso kama anapigwa ya kitambulisho. Lakini watu wa gereji walikuwa wananiambia, "Baba yako? Yule akishika spana anaimba! Anatutania mpaka tunaangusha nati." Mimi nilikuwa nasikia kama habari za mtu wa mbali huko Tarakea, nisiyemjua. Huyo baba anayeimba sikuwahi kumwona hata siku moja. Nilikuwa na mamia ya picha za magari aliyoyatengeneza, na ya kwake akiwa kazini sikuwa na hata moja. Kisha mwaka ule, nilipokwenda kuwatembelea kutoka kwa mume wangu, akatangaza mezani, tukiwa tunakula, kwamba mashindano yanayokuja ndiyo ya mwisho kwake. Magoti yamekataa.

Nikamwomba. "Baba, niingize. Picha moja tu."

"Una kibali?"

"Kibali changu si wewe?"

"Mimi ni fundi," akasema, akaendelea kuchambua samaki wake. "Utepe si wangu."

Mama akajaribu, akaambulia patupu. Sasa, mimi nikikataliwa huwa silali. Nikawaza usiku kucha, na asubuhi nikawa nimepata jibu, na jibu lilikuwa jikoni. Kwetu mlimani, mwanamke aliyebeba chakula hazuiwi mahali. Msibani anapita, harusini anapita, hospitali saa isiyo ya kuona wagonjwa anapita. Basi siku ya mashindano mama akapika mtori, ndizi zimepondwa zikalainika, nyama ya mfupa, akaumimina kwenye hotpoti kubwa. Tukaiweka kwenye kikapu, na chini yake, ndani ya kitenge, kamera. Mama alikuwa anacheka peke yake kama msichana.

Pale kwenye mlango wa uwanja alisimama msimamizi mmoja kijana, firimbi mdomoni.

"Dada, umebeba nini?"

"Mtori wa mafundi."

Akaitoa firimbi mdomoni. "Wa nyama?"

"Wa nyama."

Akauinua utepe yeye mwenyewe, kwa mkono wake. "Pita. Na mimi mnikumbuke."

Loh! Nilipita kama malkia. Ndani kulikuwa na kelele sijapata kusikia: jenereta, injini, nyundo, watu wanapokezana vyuma kwa kutupiana. Nikamwona baba. Amepiga magoti yale yale yaliyokataa, kwenye gurudumu la mbele la gari la buluu lililoinuliwa kwa jeki, gurudumu limeshatolewa, na alikuwa anaimba kweli. Wimbo wa kwaya, sauti ya tatu, kichwa kinafuata mapigo. Nilisimama na kikapu changu nikawa nataka kulia. Miaka yote ile huyu mtu alikuwa wapi?

Nikaweka hotpoti chini, nikachomoa kamera, nikazunguka upande wa pili. Nikapiga magoti karibu kabisa, mguu mmoja nimeunyoosha mbele ili nipate kushuka chini zaidi, nikamtazama kupitia pale gurudumu lilipokuwa. Akainua uso, akaniona. Mdomo ukafunguka wote, meno yote nje, macho makubwa, jasho na grisi. Baba anacheka! Nikabonyeza mara tatu. Nilijua papo hapo kwamba sijawahi kupiga picha nzuri kama ile.

Fundi mwenzake akapita mbio na gogo, akanisukuma kwa bega nikaangukia makalio. Nikasimama, nikajipangusa, natabasamu. Gurudumu likafungwa, gari likaondoka. Baba akainuka. Hakunisalimia. Alifuta mikono kwenye tambara, polepole, kidole kimoja kimoja, akanipita, akaenda hadi kwa yule msimamizi.

"Huyu ni mwanangu," akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Hana kibali, na ana kamera. Mtoe."

Kijana wa watu akababaika. "Mzee, si ni mtoto wako? Tumalizane hapa hapa."

"Utepe ni utepe. Na hizo picha azifute, uone kwa macho yako."

Nilidhani anatania. Nikamtazama, naye akatazama mlima. Basi nikazifuta. Kamera ile ilikuwa na adabu, kila picha inakuuliza kama una uhakika. Mara tatu imeniuliza, mara tatu nimekubali, na msimamizi ananichungulia begani huku anasema, "Pole, dada, pole." Halafu nikavushwa uwanja mzima mbele za watu, kikapu kitupu mkononi, watu wa kwenye tuta wanapiga miluzi, na mmoja akapaza sauti, "Mwizi wa mtori huyo!" Mtori wenyewe ulibaki kwao. Waliula wote.

Hasira hasara, hilo nawafundisha watoto wa darasa la tano kila mwaka. Lakini kufundisha ni kitu kimoja. Mimi nilikasirika mwaka mzima. Nilikuwa nimeolewa, naishi kwenye kihamba cha mume wangu, shamba lao la urithi, vilima viwili kutoka kwa baba, kwa hiyo haikuwa kazi kubwa kumkwepa. Tukikutana kanisani, "Shikamoo, baba." "Marahaba." Basi, kila mtu benchi lake. Kamera niliitia kwenye sanduku la nguo chini kabisa. Mashindano yalipokuja tena sikwenda. Nilisikia magari kwa mbali nikiwa nasahihisha madaftari, na nikajifanya siyasikii.

Jumapili moja baada ya ibada nikamwona baba anapandisha njia ya kwangu, peke yake, na fimbo. Ile njia ina mwinuko mbaya, na magoti yake ninayajua. Anapanda, anasimama, anapanda. Alipofika karibu ndipo nikaona amebeba jani la isale.

Isale kwetu si jani tu. Masale ndiyo yanayopandwa mipakani mwa vihamba, na mtu akikukosea akaja kwako na isale mkononi, amekuja kuomba msamaha, na wewe huna pa kutokea. Kukataa isale ni mwiko. Ndugu waliotaka kuuana kwa mpaka wa shamba wamepatanishwa na jani hilo. Lakini ni mdogo anayempelekea mkubwa, au wa rika moja kwa mwenzake. Mzazi kumpandishia mtoto wake mlima na isale, sijaona, wala sijasikia. Nilitoka mbio.

"Baba, hapana. Hapana, usinifanyie hivyo. Rudi nalo!"

"Pokea kwanza," akasema akihema, "ndipo nikae."

Nikalipokea kwa mikono miwili. Nilikuwa nalia tayari. Nikamletea kiti, nikamletea maji, hakuyagusa.

"Ile jeki," akasema, "ilikuwa ya kwangu. Ilikuwa inavuja. Wenzangu waliniambia tangu asubuhi niitupe, nikawajibu jeki yangu naijua mwenyewe. Wewe ulipopiga magoti, gari lilikuwa linashuka. Mguu wako ulikuwa chini yake."

Sikuelewa haraka. "Lakini baba, ulikuwa unacheka."

"Nani alikuwa anacheka?" Alinitazama kana kwamba nimemtukana. "Nilikuwa nakupigia kelele utoke! Kwa makelele yale hukusikia. Mikono yangu iko kwenye chuma, siwezi kukufikia, na wewe unanipiga picha. Kama si yule mwenzangu kuwahi kulikingia gari kwa gogo..."

Nikamsogezea maji tena.

"Nilipoinuka nilitaka kukwambia. Nikaona watu wote wananitazama. Vijana wale nimewafokea miaka yote wasizembee na jeki. Niseme nini, kwamba nimekaribia kumkata mguu binti yangu kwa ubishi? Nikaona aibu. Nikakushtaki kwa utepe, ili kosa liwe lako. Mwaka mzima sijalala vizuri."

Mwaka mzima! Na mimi nilikuwa ninahesabu kununa kwangu kama ushindi. Nikamwambia mimi pia nilikosa, nilidanganya mlangoni, nilimhadaa kijana wa watu kwa mtori.

"Mtori ulikuwa mzuri," akasema baba, na ndipo akanywa maji.

Tulikaa hadi jua lilipoanza kushuka. Niliitoa kamera sandukuni, nikamwelekezea, naye akakaza uso kama kawaida yake, tukacheka wote wawili, na mara tu nilipoiinua tena akakaza upya. Ninazo kama kumi za siku ile. Zote ni kitambulisho.

Baba alifariki miaka miwili baadaye, kitandani kwake, taratibu. Tulipokuwa tunatafuta picha ya kuweka juu ya jeneza, shangazi yangu alizipekua zote, akazipanga mezani, akazirudisha. Kisha akanigeukia, macho mekundu ya kulia, na hasira kidogo, maana ukali wangu nimeurithi upande huo.

"Wewe na makamera yako yote hayo," akasema. "Mzee wa watu hukumpiga hata moja ya kueleweka?"

"Nilimpiga," nikasema. "Moja ilikuwa nzuri sana. Nikaifuta."

"Ukaifuta! Alikuwa anafanya nini humo?"

Nilitaka kusema anacheka. Mwaka mzima ule niliikumbuka hivyo, nikaililia hivyo.

"Ananiogopea," nikamwambia.