Kengele ya Pancras

Pancras wa Mugoma alikuwa na maneno mengi kuliko kurasa alizosoma. "Akili ni kama ng'ombe," alimwambia mkewe Kalista, "ukimkamua bila kumpumzisha anakauka. Nasoma nusu saa, simu inalia, napumzika dakika tano. Ndivyo wanavyosoma wenye akili."

Basi Kalista, mtoto mgongoni, akawa anamlimia maharage ili arudie mtihani wa kidato cha nne. Akifeli na safari hii, chuo asahau.

Siku moja Kalista alirudi nyumbani kunywa maji, akakuta kitabu kiko wazi ukurasa uleule wa juzi, kuku amejilaza juu yake. Mara akasikia kengele ya simu ya mumewe ikilia kilabuni kwa jirani yao Protasi. Akaifuata, jembe begani.

Wanaume walikuwa wamezunguka mtungi wa pombe ya ndizi, mrija mmoja tu. Simu ya Pancras ilikaa katikati yao juu ya kigoda kama padri. Ilipolia tena, aliyekuwa akinywa aliuachia mrija bila ubishi, akapokea jirani yake.

"Karibu, shemeji!" Protasi alichangamka. "Tangu mumeo atuletee kengele, hatugombanii tena mrija. Huyu ni msomi kweli!"

"Niko mapumziko, mama Nice," Pancras alisema, midomo imelowa.

Kalista alimlazia jembe mapajani, akaichukua simu.

"Kesho unalima wewe, baba Nice. Nusu saa jembe, dakika tano kitabu. Kengele nitaishika mimi."