Furushi la Mama Mkwe

Ile Jumatano ya wiki ya harusi yangu naikumbuka kuliko hata harusi yenyewe, mwanangu. Juzi nilikusikia ukiwaambia wenzako kwamba kila anayekutwa na bangi afungwe, faini zifutwe, yaishe. Sikukukatiza, maana ulikuwa na hasira, na hasira yako ilikuwa na sababu. Leo umetulia. Kaa basi nikusimulie jinsi bangi ilivyotaka kuniharibia harusi.

Enzi hizo za Mwingereza, sisi Wanyiha wa Mbozi tulikuwa na adabu ya ukwe isiyo na mzaha. Mwanamume hakumtazama mama mkwe wake usoni, hakutaja jina lake, wala hakusema naye moja kwa moja. Wakikutana njiani, mmoja alijitosa majanini mpaka mwenzake apite. Tulikuwa Wakristo, tuliimba kwaya, lakini hata mwinjilisti wetu alikuwa akijificha majanini kama wengine.

Mchumba wangu Yoramu alikuwa amekwenda ng'ambo ya Tunduma, upande wa Rodesia ya Kaskazini, kuwaalika ndugu zetu. Huko alikuwepo mama yangu mdogo, mwenye furushi la kumpelekea mama. Naye kwa Yoramu ni mkwe vilevile, kwa hiyo hakuweza kumpa mkononi. Akaliweka chini njiani, akajifunika kanga kichwani, akaongea na hewa: "Anayerudi Mbozi, mukwai, ambebee dada yangu huu mzigo." Wenzetu wa ng'ambo husema mukwai kwa heshima. Yoramu akaliokota furushi, akaondoka. Hakuuliza lina nini. Mzigo wa mkwe haufunguliwi, wala hauulizwi.

Mpakani Tunduma, tarishi wa baraza akalifungua. Ndani ilikuwa bangi.

Ngoja nikueleze, usishtuke. Kuku wa mama walikuwa wameshikwa na kideri, na wanawake wa zamani walichemsha majani yale wakawanywesha. Kama yalifaa kitu sijui. Kuku akipona dawa ilisifiwa, akifa aliliwa.

Yoramu akafikishwa kwenye baraza la mwene, mtawala wetu wa jadi. Sheria ilimruhusu mwene kufunga au kutoza faini. Lakini Jumapili iliyotangulia, kwa kushawishiwa na karani wake kijana, Efraimu, alikuwa ametangaza kwamba faini za bangi zimekwisha: uwe na konzi, uwe na gunia, ni jela. Na asubuhi ya Jumatano hiyo alikuwa amemfunga mchuuzi mmoja aliyekuwa akiwauzia magunia ya bangi vibarua wa machimbo ya dhahabu kule Saza. Huyo hakuna aliyemlilia.

Mimi nilisimama nyuma ya umati. Unga wa harusi ulikuwa umeshasagwa, ng'ombe ameshachaguliwa. Shangazi yangu, ambaye hakuwa mtu wa kupoteza muda, alikuwa ameanza kuninong'oneza habari za mgane mmoja mwenye kahawa nyingi.

"Kijana, bangi hii ya nani?" mwene akauliza.

Yoramu akatazama vidole vya miguu yake.

"Ni yako?"

"Hapana, Mwene."

"Ya nani, basi?"

Yoramu akazidi kuinama.

"Mwene, hicho ni kiburi," Efraimu akasema. "Niandike jela?"

"Mgane ana shamba mpaka mtoni," shangazi akaninong'oneza.

Ndipo tukaona mgongo unaingia barazani. Mama yangu alikuwa amepata habari, akaja mbio, na sasa alikuwa akitembea kinyumenyume, kanga imemfunika mpaka kiunoni, asije akaonana na mkwewe. Akapapasa mpaka akaigusa nguzo ya katikati, akaiegemea.

"Wewe nguzo," akasema, "mwambie Mwene furushi ni langu. La kuku."

Baraza zima likapasuka kwa kicheko. Mwene akajikaza.

"Nguzo, muulize mama: kijana alijua kilichomo?"

"Angejuaje? Nguzo, wewe ungemwuliza mkweo amefunga nini?"

"Mimi wa kwangu sijamwona uso tangu nitoe mahari," mzee mmoja wa baraza akadakia, "na sasa nina wajukuu! Nikipewa furushi na yule mama, nabeba hata likiwa na chui."

"Na wewe kijana, mbona hukusema?" mwene akauliza.

"Mwene," Yoramu akajibu kwa sauti ndogo, "ningemtaja nani?"

Hapo tabasamu likamtoka mwene usoni. Akamtazama mchuuzi wa Saza aliyekaa nje akingoja kupelekwa Mbeya, kisha akamtazama Yoramu.

"Karani, Jumapili nilitangaza adhabu ya watu ambao sikuwa nimewaona. Leo nimewaona wawili, na hawafanani hata kidogo."

"Mwene, kesho kila mlanguzi atasema amembebea mkwewe."

"Tutamsikiliza. Akidanganya, jela haijahamishwa." Akamgeukia Yoramu. "Umekutwa na bangi, hilo halifutiki. Utatozwa faini. Kama huna fedha, utafanya kazi kwenye barabara ya baraza mpaka Ijumaa. Jumamosi una kazi nyingine. Na wewe nguzo, mwambie mama kuku wake watafutiwe dawa nyingine."

Vigelegele vilianza kwa mama, ambaye alivipigia ukuta. Shangazi akapiga vya nguvu kuliko wote, kana kwamba yule mgane hajawahi kuzaliwa. Yoramu alilima barabara siku zote alizopangiwa, na vijana wa kwaya walikwenda kumwimbia pale alipolima. Hata Efraimu alikuja harusini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka kuona wachuuzi wanalipa faini na kurudi sokoni wakicheka. Alicheza mpaka kiatu kimoja kikapotea.

Basi, mwanangu, sikukatazi kuchukia bangi. Nimeona vijana wenye akili wakiharibika nayo, na wapo wanaostahili kufungwa. Ninachokuomba ni kwamba usimpangie mtu adhabu kabla hujamsikia. Faini unaweza kuipunguza au kuiongeza kulingana na mtu aliyesimama mbele yako, lakini jela ya lazima haimtazami mtu. Siku ukikabidhiwa kuamua jambo la wenzako, jiachie nafasi ya kuuliza. Na ukipewa mzigo, hata na mtu unayemheshimu, uliza kilichomo. Adabu yetu ni nzuri, lakini ilikaribia kuninyima mume.

Mungu akuzidishie masikio kuliko maneno. Akupe nyumba yenye kelele za watoto na wakwe wa kucheka nao. Na siku utakapokosea wewe, akukutanishe na mtu atakayekuuliza kwanza.